Kitufe cha Baadaye

Fundi makochi alikuwa mtu wa kazi zake, na kazi zake zilijulikana. Kochi lililobonyea katikati, lililotoka springi tumboni, lililokojolewa na watoto wa vizazi viwili, akilishika yeye linarudi mpaka mwenyewe anabisha kwamba si lake. Kwa mkono, hodari. Kwa mdomo, ziro kabisa. Jambo likimkaa moyoni alilifanyia kama anavyofanyia sponji: analikandamiza, analifunika kitambaa, anapiga misumari pande zote, halafu anakaa juu yake.

Mkewe alikuwa kinyume chake. Alifundisha darasa la kwanza miaka nenda miaka rudi, watu wakamwita Mwalimu mpaka mumewe naye akamwita hivyo, na sauti yake haikuhitaji kipaza. Akisema "kaeni chini" darasani, hata wapita njia walitafuta pa kukaa. Nyumbani aliongea tangu anafungua macho hadi anayafumba. Fundi aliwalalamikia rafiki zake kwamba tangu aoe hajawahi kumaliza sentensi, na alilalamika kwa raha, kama mtu anayelalamika kuwa ameshiba.

Halafu koo likaanza kumkwaruza Mwalimu, dawa za mafua zikagonga mwamba, na hospitali wakaona uvimbe. Ili wautoe wote ikabidi watoe na kiungo chenyewe cha sauti. Walimweleza mapema, akakubali kwa akili zake timamu. Alipona. Hilo liwekwe wazi, watu wasianze kulia bure: Mwalimu alipona, anakula, ananenepa, anapumua kwa tundu dogo shingoni ambalo hulifunika kwa kitambaa chepesi, na rangi ya kitambaa lazima iende na gauni. Ila kusema, hasemi. Hata kunong'ona hawezi.

Aliporudi nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta ubao mdogo wa chaki, ule wa kufundishia watoto herufi, akawa anaandika humo anachotaka kusema. La pili, aliichukua simu yake, simu nzuri tu ya kisasa, akampa mdogo wake. Kwenye ubao aliandika: Simu ya nini kwa bubu? Mdogo mtu akaipeleka kwa fundi simu, kesho yake akaja nayo inang'aa, akasema kwa furaha zake zote kwamba wameisafisha, imekuwa mpya kabisa. Na kweli ilikuwa mpya. Picha, namba, jumbe, kila kilichokuwemo kilikwenda na maji.

Neno hilo la kusafisha Fundi alilishika, na alikuwa na sababu yake.

Mwalimu enzi za sauti yake hakupenda kuandika jumbe. Alisema hana muda wa kudonoa herufi moja moja kama kuku. Alituma jumbe za sauti, na alituma kama hana akili nzuri. Nunua chumvi. Usinunue chumvi, nimeiona. Yule mteja wa kochi jekundu nimekutana naye, mwambie mwenyewe kwamba halijaisha, mimi sidanganyi kwa niaba ya mtu. Fundi alikuwa akimtania jioni: unanijazia simu bure, mimi nazifuta hata kabla hujamaliza kusema. Mwalimu alikasirika kila aliposikia hivyo, na Fundi alisema hivyo ili akasirike. Ulikuwa uongo mtupu. Hakuwahi kufuta hata moja.

Sasa mke alipokuwa hasemi tena, kila mchana Fundi alifunga mlango wa karakana, akakaa kwenye kochi la mteja, akaweka simu sikioni. Anasikiliza anavyogombezwa. Anacheka peke yake, anajipangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha makochi, anafungua mlango, anaendelea kupigilia. Kumwambia mkewe alishindwa. Utamwambiaje mtu kwamba kile alichopoteza wewe unacho mfukoni, unakifurahia mchana? Aliona atamtonesha kidonda, basi akanyamaza, na katika nyumba ile kimya kikawa cha watu wawili.

Binti yao alikuwa ameolewa mbali, na kila Jumapili alipiga simu ya video kwa baba yake. Mwalimu alikaa mbele ya kioo cha simu, akatabasamu, akapunga mkono, akaonyesha ubao. Binti anasoma, anajibu, mambo yanakwenda. Lakini mjukuu alikuwa bado hajui kusoma. Jumapili moja mtoto alimtazama bibi yake weee, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, bibi amenuna?"

Simu haifichi kitu. Mwalimu alilaza ubao mezani, akaenda jikoni, na hakurudi mpaka maongezi yakaisha. Fundi alimsikia akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wiki hiyohiyo alikwenda kliniki, akarudi na uso ambao Fundi hakuwa ameuona tangu kabla ya uvimbe. Dada anayewafundisha wagonjwa wa koo namna ya kuwasiliana alikuwa amemweleza kwamba simu siku hizi zinasema. Unaandika maneno yako, simu inayatamka, Kiswahili safi. Ila kwa simu ya aina ya Fundi, jambo hilo limo kwenye ule mfumo mpya uliotoka karibuni. Ya zamani haina. Kwa hiyo simu iwekwe mfumo mpya, basi. Mwalimu aliandika haya yote, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, chaki ikakatika mara mbili. Mwishoni aliandika kwa herufi kubwa: NITAONGEA NA MTOTO.

Fundi akasema vizuri sana, tutaangalia. Jasho jembamba likamtoka.

Maana mfumo huo alikuwa ameshaombwa auweke. Simu ilikuwa imemletea habari hizo siku nyingi, yuko karakanani, nyundo mkono huu, misumari midogo mdomoni. Ujumbe ulikuja na vitufe viwili chini. Cha kwanza kilisema Safisha, cha pili kilisema Baadaye. Juu yake paliandikwa kwamba mfumo mpya uko tayari na asafishe simu yake sasa. Fundi alikaribia kumeza msumari. Alibofya Baadaye upesi, na tangu siku hiyo kila ujumbe ule ulipochungulia hakuusoma tena. Alitafuta Baadaye kwa kidole, akaibofya, akashusha pumzi. Kumbe sasa mkewe, katika mambo yote duniani, ameomba hilo hilo.

Alianza visingizio. Chaji haitoshi. Chaji ilipotosha, intaneti ilikuwa ya kusuasua. Intaneti ilipotulia, simu ilikuwa kuukuu, itaelemewa. Mwalimu alimtazama tu. Huwezi kumdanganya mtu aliyetumia maisha yake kusikiliza watoto wakieleza kwa nini hawakufanya kazi ya nyumbani.

Kuuliza si ujinga, na Fundi, tumpe haki yake, alikwenda kuuliza. Aliingia kwa yuleyule fundi simu, akazungukazunguka, akasema kuna rafiki yake ana shida. Huyo rafiki akisafisha simu yake, vitu vya ndani vinabaki? Fundi simu hakuinua hata macho. Akasema mzee, kusafisha ni kusafisha, inatoka kama ilivyotoka kiwandani, haibaki hata namba ya mama yako. Fundi akashukuru, akaondoka miguu mizito. Lakini jamani, ukiuliza njia ya kwenda kwa jirani utaelekezwa kwa jirani, hata kama wewe ulikuwa unaenda kwako. Pengine zile sauti zingeweza kuhamishwa mahali, na hilo alilifikiria. Ila ingebidi amweleze mtu ni sauti za nani na anazitaka za nini, na hapo mdomo wake uligoma kama kawaida yake.

Siku zikapita, Mwalimu akaacha kuuliza. Ubao ukabaki mtupu. Akitaka chumvi anainuka kuichukua mwenyewe. Jumapili simu ilipoita alisema kwa mkono kwamba anaumwa kichwa, akaenda kulala, na Fundi akamdanganya mjukuu wake kwamba bibi ametoka.

Ndipo mdogo wake Mwalimu alipomtembelea Fundi karakanani. Shemeji huyu na Fundi walikuwa watani wa siku zote. Wakikutana, majirani walisogeza viti. Siku hiyo hakuleta utani. Alikataa kukaa, akasimama katikati ya mabaki ya sponji na mkoba wake begani.

"Shemeji, nitakuuliza neno moja, na unijibu. Hutaki dada yangu aongee?"

Fundi akasema maneno gani hayo.

"Yeye ndiye aliyeandika. Ameniandikia kwamba labda umepumzika. Kwamba miaka yote ulikuwa unasema hujawahi kumaliza sentensi, na sasa unamaliza. Kwamba ameanza kuamini kimya hiki unakipenda."

Alipokwisha kusema hivyo macho yalimjaa maji, akageuka, akaenda zake. Fundi alibaki ameshika mkasi. Aliumia, na tusizunguke: aliumia kuliko siku ile ya hospitali, maana uvimbe haukuwa kosa lake na hili lilikuwa lake tupu. Ule utani wake wote wa zamani ulikuwa umemrudia mwenyewe ukiwa hauchekeshi.

Alifunga mlango, akakaa kwenye kochi, akatoa simu. Alizisikiliza tangu ya kwanza. Chumvi. Ufunguo. Mkutano wa wazazi. Wimbo wa irabu ambao Mwalimu aliurekodi kwa bahati mbaya, a e i o u, na watoto darasa zima wanampokea. Alisikiliza mpaka akafika ya mwisho, iliyokuwa ya kabla ya hospitali, sauti imeshaanza kukwaruza. Na katikati ya kuisikiliza hiyo ndipo wazo likamjia, halikuja kwa upole: mke wake yuko nyumbani. Yuko hai, amekaa na ubao mtupu, na yeye amejifungia humu na mwingine ambaye yumo ndani ya simu. Kama lazima mmoja aondoke, hakuna hata cha kufikiri. Akasimama. Kochi la mteja aliliacha hivyohivyo, mguu mmoja hauna.

Alimkuta Mwalimu sebuleni anakunja nguo. Akaweka simu mezani mbele yake, ujumbe wenyewe umeshafunguka, vitufe viwili vinangoja. Alikuwa amepanga maneno njiani, yakamtoroka yote isipokuwa machache.

"Chukua. Isafishe tu. Nimekubali."

Mwalimu aliacha kukunja. Akamtazama, akatazama simu, akamtazama tena. Akavuta ubao. Isafishwe ya nini?

Fundi akasema asimfanyie mzaha, si ndivyo inavyosema yenyewe, isafishwe ndipo iwekwe huo mfumo. Waisafishe yaishe.

Mwalimu alivaa miwani. Aliinamia simu, akasoma bila haraka. Kisha akanyoosha mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi alidhani analia, akapiga hatua kumshika, kumbe mtu anacheka. Alicheka bila sauti hadi akashika kitambaa cha shingoni kisimponyoke. Halafu akajikaza, akamwonyesha kiti kwa kidole, na Fundi akakaa, maana kidole kile kilikuwa kimekalisha nusu ya mji.

Mwalimu akaandika kwenye ubao, kwa mwandiko ule wa darasani, mkubwa, wa mviringo: SA – FI – SHA. Chini yake akaandika: SA – SI – SHA. Akagonga mstari wa kwanza kwa chaki.

"Safisha," Fundi akasoma.

Akagonga wa pili, silabi moja moja.

"Sa. Si. Sha." Fundi akaziunganisha. "Sasisha. Ndiyo neno gani hilo?"

Kwa kweli hakuwahi kulisikia maishani mwake. Kwenye makochi halipo. Jicho lake liliona neno geni likalivalisha sura ya neno analolijua, na hofu ikafanya kazi iliyobaki. Mwalimu akaandika kwamba limetoka kwenye sasa: kufanya kitu kiwe cha wakati huu. Akapigia mstari chini ya maneno yaliyofuata. Hakifutwi kitu.

Fundi akachukua simu, akaisogeza karibu na pua, akasoma mwenyewe. Ilikuwa s. Ilikuwa s tangu siku ya kwanza, kila mara alipoikimbia. Akajisikia mjinga wa kutupwa, na juu ya ujinga huo akajisikia mwepesi namna ambayo hakuwa nayo tangu mkewe aingie hospitali, akataka acheke, kikatoka kitu kingine, akaficha uso kwa nguo iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa sidiria.

Mwalimu akaivuta nguo yake. Akaandika: Uliogopa kifutwe nini?

Fundi akasema aa, vitu tu. Mwalimu akagonga ubao. Akagonga tena.

"Sauti yako," Fundi akasema. "Zile jumbe zako zote. Ninazo. Sijafuta hata moja, nilikuwa nakudanganya. Nazisikiliza mchana nikiwa peke yangu, na sikukwambia kwa sababu niliogopa utaumia. Sipendi hiki kimya. Nimekichukia tangu siku ya kwanza."

Kwa Fundi hiyo ilikuwa hotuba. Mwalimu hakusogea. Chaki ilibaki hewani, na mkono wa pili ukapanda wenyewe hadi shingoni. Fundi akajuta papo hapo, akadhani ndicho kidonda alichokiogopa. Kisha Mwalimu akainama, akaandika polepole, herufi zikipotea umbo, na hakuwahi kuandika vibaya maishani. Aliandika kwamba ile kesho yake, baada ya kuitoa simu, alirudiwa na akili, akataka kwenda kwa mdogo wake kuiomba. Alitaka asikilize mara moja tu. Kabla hajatoka mlangoni mdogo wake akaja nayo, imeshasafishwa. Tangu hapo alijua sauti yake haipo tena popote. Ameanza kuisahau.

Wakatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja amemfichia mwenzake kitu kilekile.

Fundi akanyoosha mkono kwenye simu amchezee moja hapohapo. Mwalimu akauzuia. Akachomeka chaji, akavuta simu upande wake na, kabla Fundi hajajua kinachotendeka, akabofya Sasisha. Fundi akaruka. Akasema angoje, fundi simu alisema, vipi kama, tungezisikiliza kwanza. Mwalimu akaandika maneno mawili tu. Najua kusoma.

Kioo kikazima, kikawaka, mstari mwembamba ukaanza kutambaa. Ulitambaa kama mtoto anayetumwa dukani na hataki. Wakakaa bega kwa bega. Fundi, kwa woga, mdomo ukamfunguka. Akamsimulia mkewe jumbe moja moja, ya chumvi, ya kochi jekundu, ya wimbo wa irabu, akaigiza hadi anavyovuta pumzi kabla ya kugomba. Mwalimu alimkodolea macho. Hakuwahi kumsikia mume wake akiongea muda mrefu hivyo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa na la kumkatiza nalo.

Simu ikazima kabisa. Fundi akanyamaza katikati ya neno. Ikakaa giza, ikakaa, kisha ikawaka na kuwakaribisha. Mwalimu ndiye aliyefungua, akashuka, akashuka. Zilikuwepo. Zote, mstari baada ya mstari, kila moja na tarehe yake. Fundi akasema Mungu wangu, kwa sauti ndogo, akasema tena.

Mwalimu akamsogezea simu yeye achague. Fundi akachagua anayoijua kwa moyo. Sebule ikajaa.

"Nimechelewa, kikao cha walimu hakiishi, yule mkuu leo ameamua kusoma kila kitu mara mbili. Wewe kula, usinisubiri. Nasema usinisubiri. Najua utanisubiri."

Ikaisha. Mwalimu alikuwa amefumba macho, kichwa ameinamisha upande, midomo yake imeifuata sauti hadi mwisho. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Baadaye akavuta simu, akatafuta mahali alipoelekezwa na dada wa kliniki, akadonoa herufi moja moja. Akabofya. Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, kama ya msoma taarifa ya habari.

"Rudia," ikasema.

Wote wawili walishtuka, kisha wakacheka mpaka Fundi akashika meza. Akarudia. Mwalimu akasikiliza tena yote, kuanzia kikao hadi najua utanisubiri. Halafu akahangaika na simu hadi akapata sauti ya kike, akaandika, safari hii kwa muda mrefu, na Fundi akangoja bila kuchungulia.

"Kumbe nilikuwa na sauti nzuri hivi," simu ikasema, "na miaka yote hukuniambia."

"Ningekwambia saa ngapi?" Fundi akajibu. "Nafasi ya kusema ulinipa lini?"

Mwalimu akampiga begani kwa kiganja chenye chaki, akaanza kuandika jibu. Lilikuwa refu.